Unga wa Harusi katika Nyumba ya Kinu

Simu ilinikuta nimeinamia cherehani, pini zimenijaa mdomoni, napunguza kiuno cha gauni huku mwenye gauni kasimama mlangoni ananihimiza. Nikaibana simu kati ya sikio na bega. Sauti ya mama mtu mzima ikasema, "Kizibo, bado upo Same au umeshahama dunia?"

Pini zikaniponyoka zote. Hapa mjini watu wananiita Fundi, na wanangu wananiita Mama. Kizibo ni jina ninaloitwa mahali pamoja tu, katika kijiji kimoja kule juu milimani, na waliobaki wakilikumbuka ukiwahesabu kwa vidole hutamaliza mikono miwili.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Nyumba ya kinu tumeiponya. Jumamosi tunaifungua. Uje, tena uje umejiandaa, maana utasimama uwasimulie watoto ulichofanya."

Akakata. Hakuwa mtu wa maneno mengi hata alipokuwa msichana. Mama huyo alikuwa jirani yetu. Mimi nikiwa na miaka kumi yeye alikuwa bibi harusi, na nilikaribia sana kumharibia harusi yake. Leo ni bibi mwenye wajukuu na mwenyekiti wa kamati iliyoifufua ile nyumba. Basi nimeona, kabla sijafika kwenye Jumamosi hiyo, nikusimulie kwanza nilichofanya, kwa raha zetu.

Nyumba ya kinu ni nyumba ya mawe iliyojengwa pembeni mwa ndiva. Kama hutoki kwetu, ndiva ni bwawa dogo lenye ukuta wa mawe na udongo, ambalo wazee walilichimba ili likinge maji ya mfereji, yakusanyike, kisha yafunguliwe kwa zamu yakamwagilie mashamba. Milima ya Upare ina ndiva nyingi. Ya kwetu ilikuwa na kitu ambacho nyingine hazina: matundu mawili ukutani. Tundu moja lilipeleka maji mashambani. Jingine liliyapeleka kwenye mfereji wa mbao, yakaenda kuangukia gurudumu kubwa la mti na chuma, na gurudumu hilo ndilo lililozungusha mawe mawili ya kusagia yaliyokuwa ndani. Hapakuwa na mafuta wala umeme. Ni maji tu, yakishuka kama yalivyozoea kushuka.

Bibi yangu, aliyenilea, alisema nyumba ile ilijengwa wakati yeye ni msichana, na kwamba mawe yalibebwa kichwani na wanawake kutoka korongoni kwa msaragambo, kazi ile ya wote inayoitwa kwa baragumu na isiyo na mtu wa kuikimbia. Jiwe lake alilijua. Lilikuwa la tatu kutoka mlangoni, lenye mshipa mweupe. Kila tulipopita alilipiga kofi moja dogo, kama mtu anayemsalimia ng'ombe wake, halafu tukaingia.

Siku za kinu zilikuwa Alhamisi na Ijumaa. Siku nyingine maji yalikuwa ya mashamba. Tulitoka nyumbani asubuhi, ukungu bado umeukalia mgomba, bibi na debe lake la mahindi, mimi na kikapu changu. Njiani tuliwakuta wenzetu wakiteremka kutoka vitongoji vingine, na kabla hata hujakiona kinu ulikisikia. Kwanza maji, pwa-pwa-pwa, kama mtu anayefua nguo nzito. Halafu mngurumo wa mawe, mzito, wa chini kwa chini, ambao ukiingia ndani na kusimama peku uliusikia kwenye nyayo, ukapanda magotini, ukafika mpaka kwenye meno.

Ukifika unaliweka gunia lako kwenye foleni. Foleni ilikuwa ya magunia, watu wenyewe wanakaa pembeni. Na hapo ndipo siku yenyewe ilipoanza. Akina mama walipukuchua maharage, wakasukana nywele, wakasuka vikapu. Aliyekuwa na habari ya mtoto aliye Tanga alileta barua, na mwalimu wa shule yetu, akija kusaga, alisomeshwa barua tatu au nne kabla hajaweka gunia lake chini. Mtoto mchanga alizungushwa kwa mikono kumi. Wachumba walionana hapo, na waliogombana walilazimika kukaa benchi moja kwa saa nne, na saa nne ni nyingi mno kuendelea kununa. Sisi watoto tulisubiri unga wa kwanza utoke. Ulitoka wa moto, ukinukia kama mkate, na mzee wa kinu alitupa kila mmoja konzi moja tuulambe mkononi.

Huyo mzee wa kinu nakuomba umfahamu vizuri. Alikuwa mwembamba, nyusi zake nyeupe kwa unga, na hata Jumapili kanisani alipooga na kuvaa koti nyusi zilibaki nyeupe, mpaka nikaja kugundua ukubwani kwamba zilikuwa mvi. Kwa kelele za kinu alizoea kuongea kwa kupaza sauti, na hakujua kuipunguza. Akikunong'oneza siri, upande wa pili wa bonde walikuwa wanajua. Ila alikuwa mpole. Sikumsikia akimkaripia mtu.

Mwaka ninaotaka kukusimulia ulikuwa mkavu. Mvua za vuli zilichelewa, mfereji ukawa uzi, na ndiva iliyokuwa ikijaa kwa usiku mmoja sasa ilitaka siku tatu. Bibi alikuwa amepanda maharage kwenye shamba la chini ya ndiva, na yalikuwa yameanza kutoa maua. Zamu yake ya maji ilifika, ndiva ikakutwa haina kitu. Ikafika tena, ikawa hivyo hivyo. Nilimwona akipita katikati ya mistari asubuhi, anageuza jani moja moja kwa kidole. Hakulalamika. Ila jioni, akiombea chakula, aliongeza sentensi ambayo hakuwa nayo zamani. "Na maharage yale, Bwana, unajua mwenyewe." Tukala makande, na makande yalizidi kuwa mahindi matupu, kunde za kuhesabu. Nilikuwa mtoto lakini hesabu hiyo niliielewa.

Wakati huohuo jirani alikuwa anaoza binti. Harusi ilikuwa Jumamosi, na wageni wa upande wa bwana harusi walikuwa wanatoka mbali, kata nyingine, watu wengi. Kijiji kikakubaliana kwamba wiki ile mashamba yasubiri. Maji yote yakusanywe, na Alhamisi kinu kisage unga wa ugali na wa togwa. Bibi alikuwa kwenye kikao hicho na alinyoosha mkono kukubali. Mimi sikuwa na mkono wa kunyoosha.

Jumatano mchana, shule zikiwa zimefungwa kwa likizo fupi, nilitumwa kukata majani ya mbuzi. Njia ilipita kwenye ndiva. Ilikuwa imejaa mpaka karibu na ukingo, maji yametulia, ya kijani, na hapo chini, hatua thelathini tu, maharage ya bibi yalikuwa yameinamisha vichwa. Hapakuwa na mtu. Wote walikuwa nyumbani kwa jirani wakichambua mchele na kupasua kuni.

Nilitaka maji kidogo tu. Naomba uniamini hapo. Kiasi cha kulowesha mistari miwili, halafu nifunge niende zangu. Tundu la mashambani lilizibwa kwa gogo lililochongwa mfano wa kizibo cha chupa, likazungushiwa maganda ya mgomba na kukandikwa udongo. Nilishuka chini ya ukuta, nikalitikisa, nikalitikisa tena. Lilipotoka halikutoka kidogo. Liliruka. Lilinipita ubavuni, likabingirika na maji mpaka shambani, na mkondo mnene kama paja la mtu mzima ukaanza kumwagika.

Nililifuata gogo, nikalirudisha, nikalisukuma kwa nguvu zote, maji yakalitupa. Nikajaribu mawe, yakasombwa. Nikajaribu mzigo wa majani ya mbuzi, ukasombwa. Nikazunguka juu ya ukuta, nikajitosa ndani ya ndiva kwa nguo zangu, nikapapasa mpaka nikalipata tundu kwa ndani, na hapo sikuwa na kitu kingine mkononi, basi nikaligeuzia makalio, nikakaa.

Ilisaidia. Siyo sana, lakini ilisaidia. Maji yalinivuta yakanibana pale kama nimegundishwa, baridi ikinipanda mgongoni, nami nikawa nakaa, nikiomba, nikitazama ukingo wa maji ukishuka kwenye kuta. Ulikuwa shingoni, ukafika kifuani, ukafika tumboni. Sijui nilikaa muda gani. Mzee wa kinu alipokuja jioni kukagua maji ya kesho, alinikuta nimekaa chini ya ndiva tupu, kwenye tope, bado nimeliziba tundu kwa makini, na hapakuwa na tone la kuzuia.

Akashuka, akanishika mikono yote miwili, akanichomoa. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimsikia akiongea chini.

"Umeumia?"

"Hapana, babu."

"Nenda nyumbani ukabadili nguo. Kesho mimi nitasema kizibo kilioza."

Nilikwenda. Nililianika gauni nyuma ya nyumba. Bibi aliliona, kwa sababu bibi aliona kila kitu, na aliporudi kutoka shambani kesho yake alfajiri miguu yake ilikuwa na tope mpaka kwenye vifundo. Maharage yake yalikuwa yamesimama, mabichi, yanang'aa, mistari yote, ya chini kabisa yamezama kidogo. Alinawa, akavaa kanga safi, akasema twende kinuni. Afadhali angenichapa.

Nyumba ya kinu ilikuwa imejaa watu, na kwa mara ya kwanza ilikuwa kimya. Kimya kile kilinitisha kuliko watu wenyewe. Magunia ya mahindi ya harusi yalikuwa mlangoni. Mama wa bibi harusi alikuwa amesimama mbele ya mzee wa kinu, mikono kiunoni.

"Kimeoza? Kizibo ulichobadilisha juzi, kimeoza?"

"Kimeoza," alisema mzee, kwa ile sauti yake ya kuvuka bonde.

"Wageni wanakuja kesho kutwa, wamepita milima miwili. Nitawapa nini, mahindi makavu? Wewe umezeeka, baba. Huoni wala husikii. Itafaa kijiji kitafute mtu mwingine wa kushika kinu hiki."

Baadhi ya watu waliitikia. Mzee aliinua mkono akapangusa vumbi la unga juu ya mbao ya kinu, pale palipokuwa pasafi tayari. Kazi ile ndiyo aliyokuwa nayo. Mke wake alishafariki, na kinu ndicho kilichomwamsha asubuhi. Nikamtazama bibi. Bibi alikuwa ananitazama mimi, na hakunikonyeza wala kunisukuma, ila hakuyaondoa macho.

"Si yeye," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo. Nikasema tena. "Si babu. Ni mimi. Nilifungua maji kwa ajili ya maharage."

Mama wa bibi harusi akageuka. "Wewe? Na kizibo chenyewe kilikuwa wapi?"

Nilitaka kujibu vizuri, kwa heshima, kama tulivyofundishwa. "Kilichukuliwa na maji, mama. Kwa hiyo kizibo nikawa mimi."

"Ukawa wewe vipi?"

"Nilikalia tundu."

Kutoka nyuma, karibu na dirisha, mtu alicheka. Alijaribu kujizuia, akaziba mdomo kwa kanga, kicheko kikatokea puani. Alikuwa bibi harusi mwenyewe, ambaye wiki ile hakutakiwa hata kuonekana nje. Kicheko chake kikamwambukiza aliyekaa naye, kikapita benchi zima, na mzee wa kinu akapaza sauti akasema, "Ni kweli, nilimchomoa mwenyewe, alikuwa ameziba sawasawa," na hapo hata mama mtu akalazimika kugeuka atazame ukutani mabega yakimtikisika. Jina langu lilizaliwa pale pale.

Lakini kicheko si unga. Kilipokwisha, magunia yalikuwa bado mlangoni. Ndipo bibi akasema, "Maji ameyamwaga mjukuu wangu. Mahindi nitasaga mimi na yeye." Akatoka. Baada ya muda akarudi, jiwe lake la kusagia kichwani, lile la kurithi, zito kiasi kwamba nyumbani hatukulisogeza hata wakati wa kufagia. Akaliweka katikati ya sakafu ya kinu, akapiga magoti, akanionyesha nipige magoti mbele yake.

Tulisaga konzi ya kwanza, ya pili. Mikono yangu ilianza kuuma kabla kibaba hakijajaa. Bibi harusi alikuja akapiga magoti pembeni yetu. Mama yake akamwambia atoke, mikono itaota malengelenge kabla ya pete. Akajibu, "Mama, unga ni wa harusi yangu," akaendelea. Kisha mama mmoja akasimama akaondoka, nikadhani amekasirika. Akarudi na jiwe kichwani. Na mwingine. Kufikia mchana palikuwa na mawe kumi na kitu kwenye sakafu ile, wanawake wawili wawili kwa kila jiwe, na wanaume wakatumwa kupukuchua na kupepeta, kazi ambayo hawakuizoea na waliifanya kwa namna ya kuchekesha. Mzee wa kinu, asiye na kinu cha kuendesha, alichemsha chai ya tangawizi kwenye sufuria kubwa. Hakuna aliyewahi kumwona akipika. Chai ilikuwa kali ya kukuliza machozi. Tulikunywa yote.

Tulisaga Alhamisi na Ijumaa. Waliimba nyimbo za kanisani za sauti nne, halafu zilipoisha wakaimba za zamani za Chasu, Kipare chetu, za kusagia, ambazo wasichana hawakuzijua. Bibi na wazee wenzake walizijua, walikuwa hawajaziimba tangu kinu kilipojengwa. Mmoja alitoa sauti, mwingine akasita, akakumbuka, akaitikia. Niliona bibi yangu akicheka mpaka akalazimika kuacha jiwe. Mwalimu wetu alikuja na daftari ayaandike maneno, wakamwambia mengine hayaandikiki.

Mama wa bibi harusi alikuwa wa mwisho kupiga magoti. Ijumaa mchana alikuja akachukua nafasi ya bibi mbele yangu, tukasaga pamoja. Baada ya muda alinishika mkono, akaugeuza, akayatazama malengelenge. Akatoa mafuta ya nazi kwenye kijichupa chake akanipaka. Kisha akasimama, akaenda kwa mzee wa kinu aliyekuwa anaosha vikombe, na maneno aliyomwambia hatukuyasikia. Ya mzee tuliyasikia wote. Alisema, "Yamekwisha, binti yangu, yamekwisha."

Harusi ilifana. Ugali ulikuwa na chenga, na mgeni mmoja wa upande wa bwana harusi akauliza kwa adabu kama huku kwetu ugali unapikwa na mifupa yake. Togwa liliisha kabla ya keki. Na maharage ya bibi, ambayo ndiyo pekee yaliyozaa vizuri msimu ule, hakuyala peke yake. Alipovuna alipika makande ya sufuria mbili akayapeleka kinuni siku ya Alhamisi, akampakulia kila aliyesaga. Walimuuliza kwa utani kama ni ya halali. Akasema, "Mwulizeni Kizibo."

Miaka ilipopita, nikiwa msichana mkubwa, nilimuuliza mzee wa kinu kwa nini alitaka kunisemea uongo. "Kizibo kilikuwa kazi yangu," akasema. "Kama mtoto wa miaka kumi anaweza kukitoa, basi sikukifunga." Na ni kweli, tangu siku ile alikifunga kwa kamba na fundo ambalo hata mtu mzima alilihangaikia.

Kisha ikaja mashine ya dizeli, ikawekwa gulioni. Ilisaga debe moja kabla hujamaliza kusalimia watu. Nani angengoja siku nzima? Hata bibi alikwenda huko, mwishoni, magoti yalipochoka. Mzee wa kinu aliendelea kufungua mlango kila Alhamisi kwa muda, akikaa na waliokuja kuongea, mpaka alipofariki. Mimi nikashuka Same kujifunza kushona, nikaolewa huku kwenye joto na upepo wa vumbi, bibi akafa, mabati ya kinu yakashika kutu na kubomoka, mbuzi wakahamia.

Jumamosi nilipanda. Ukitoka Same na kuanza kukata kona za mlima, unajua umekaribia pale unapotafuta kanga ya kujifunika mabega. Mwenyekiti alinipokea barabarani, amejikunja kidogo, mkongojo mkononi, akaniongoza huku akinisimulia. Kumbe nyumba ilikuwa ibomolewe. Kulikuwa na hoja ya kuchukua mawe yake kujengea fremu za maduka, na wengi waliiunga mkono, hasa vijana. Yeye hakubishana. Aliomba jambo moja, kwamba mkutano wa kuamua ufanyike mle ndani. Wakakubali. Lakini ili mkutano ufanyike mle ilibidi samadi itolewe, sakafu iogeshwe, turubai lifungwe juu. Vijana haohao wakafanya kazi siku mbili. Siku ya mkutano watu wakaingia, wakakaa, wakatazama kuta, wakatazama gurudumu.

"Nikawauliza nani atagonga nyundo ya kwanza," alisema. "Hakujitokeza mtu. Mtu akishafagia mahali, hapabomoi."

Sasa ina mabati mapya na madirisha. Upande mmoja kuna rafu za vitabu na meza. Upande mwingine wameweka vitu vya zamani: mawe ya kusagia, baragumu, vyungu, jembe la mti, na mashine yenyewe ya kinu, imepakwa mafuta. Wataalamu wa kliniki wanapanda mara moja kwa mwezi kupima watoto, na kwaya inafanyia mazoezi humo. Gurudumu walijaribu kulizungusha. Ndiva walishaizoa tope kwa msaragambo, lakini mfereji wa leo hauna nguvu ile. Gurudumu lilizunguka nusu, likafikiri, likarudi. Watu walipiga makofi hata hivyo.

Nilisimama nikasimulia. Watoto walicheka nilipofika kwenye kukalia tundu, mwenyekiti akacheka zaidi yao, na mwalimu kijana alinirekodi kwa simu yake. Nilipomaliza, msichana mmoja wa shule ya msingi akanyoosha mkono.

"Bibi, mlikuwa mnangoja siku nzima kusaga debe moja?"

"Ndiyo."

"Mlikuwa hamchoki?"

Nilitaka kumwambia kwamba kungoja kwenyewe ndiko nilikokupenda, kwamba siku hizi mjini nina watu wengi mlangoni kwangu na wote wana haraka, hata mimi nina haraka, na sijui ni lini mara ya mwisho nilikaa saa nne na mtu bila sababu nyingine zaidi ya kwamba zamu yetu haijafika. Hayo huwezi kumwambia mtoto akaelewa. Nikasema, "Tulikuwa tunaongea." Akaridhika, au alinihurumia.

Bibi yangu hayupo wa kuniambia nilijibu vizuri au vibaya. Nyimbo za kusagia zimeondoka nao walioziimba, isipokuwa mistari michache ndani ya daftari la mwalimu, ile inayoandikika. Harufu ya unga wa moto sikuisikia mle, ingawa nilisogeza pua kwenye jiwe wakati hakuna anayeniona.

Alasiri nilitoka nje kupunga upepo kabla ya kuteremka. Ilitokea kuwa siku ya kliniki pia, na muuguzi alikuwa ameshafunga mizani yake na kuondoka muda mrefu. Watoto walishapimwa wote, kadi zilishaandikwa. Akina mama walikuwa bado wamekaa kwenye ukuta wa ndiva, miguu inaning'inia, mmoja anamsuka mwenzake, mtoto mchanga anapita mkono kwa mkono. Nilimuuliza aliyekuwa karibu wanamngoja nani.

"Hatumngoji mtu, mama," alisema, akasogea kunipa nafasi.

Nikakaa.